Si Saumu Iliyomuua Shebwana

Tende ilianguka. Niliitia mdomoni mwa Shebwana kwa mkono wangu mwenyewe, adhana ya magharibi imeshaanza kule mjini, na kijana hakufunga midomo. Ilikaa juu ya ulimi kidogo, ikateleza pembeni, ikaanguka mchangani nyuma ya lango la kusini. Tulikuwa tumemlaza juu ya godoro la mazoezi. Macho yake yalikuwa wazi, mboni moja imetanuka kuliko mwenzake, na kiatu cha mguu wa kulia kilikuwa kimemvuka, hakuna aliyejua wapi.

"Mpe mai," akasema kijana mmoja wa timu. "Saumu imemshika huyu. Mpe mai kidogo kidogo."

Na maji nayo yakatoka palepale tende ilipotokea.

Kocha wetu, Mwalimu Kirui, alikuwa amesimama nyuma yangu, filimbi ingali shingoni. Akasema, "Ni njaa tu, Mzee Pampu. Akipata uji atakuwa sawa." Jina nimelitaja mapema kwa makusudi. Sitaki msomaji afike mwisho akiuliza ni nani niliyekuwa nikimsema. Ni Mwalimu Kirui. Wa pili ni Bwana Mutiso, mkuu wa chuo chetu cha ufundi. Mungu ni wa kwanza kujua, lakini Mungu hakuwa na haja ya mimi kuandika.

Nawaandikia nyinyi mnaoshika funguo za stoo ya michezo baada yangu. Mimi ni Omari, mtu wa Siyu, ingawa chuoni jina hilo lilijulikana na mhasibu tu. Wanafunzi waliniita Mzee Pampu kwa kuwa mipira yote niliijaza upepo mimi. Shule niliishia darasa la tano. Maandishi haya binti yangu ameyasahihisha, kwa hiyo makosa ya herufi ni yake na uchungu ni wangu.

Niliingia chuoni nikiwa kijana, kibarua wa kufyeka. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ule uwanja ulio nyuma ya karakana, mchanga mtupu na majani ya ukoka mahali mahali, na punda wa mji mzima wakija kugaagaa. Siku moja akanijia mwalimu mrefu kutoka bara, Mwalimu Odhiambo, kakumbatia mpira wenye umbo la yai.

"Bwana Omari," akaniuliza, "nguzo ndefu hapa mtu anazipata wapi?"

Nikamwambia nti hii yetu nguzo ni boriti za mikoko, urefu autakao. Akataka nne, na mbili za kukatisha katikati. Tulizisimamisha mimi na yeye na seremala wa majahazi, kila lango likawa na sura ya herufi H. Mistari tuliichora kwa chokaa ya hapahapa Amu, kama tuitavyo Lamu, ile ya mawe ya kuchoma. Chokaa hiyo ni nzuri lakini inawasha ngozi, kwa hiyo ichanganyeni na mchanga laini, na msiimwage siku ya upepo wa kaskazini maana mtachora mistari usoni mwenu. Gunia la kujifunzia kukaba nilishona mimi, nikalijaza makumbi ya nazi. Mchezaji akilivamia vibaya lilimkwaruza, akajifunza kulivamia vizuri. Baadaye yaliletwa magunia ya kiwandani, laini kama mito ya harusini, na ukabaji ukashuka.

Mchezo wenyewe ni raga. Watu wa Amu walikuja kuutazama mara ya kwanza kama watu wanaokwenda kuangalia moto. Unashika mpira kwa mikono, unakimbia nao, na anayekuzuia anakubwaga chini, na refa anaona ni sawa. Ukiufikisha ng'ambo ya mstari wa mwisho hiyo ni trai, na unapata mkwaju wa kupitisha juu ya ile H. Mzee mmoja wa mtaa wa Langoni alikaa mpaka kipindi cha kwanza kikaisha, akaniuliza, "Hunu ni mpira, au ni ndugu wagawa mirathi?"

Mechi yetu ya kwanza kabisa tulipungukiwa mtu. Mwalimu Odhiambo akaniona na toroli langu la chokaa.

"Omari, vua shati hilo."

"Mwalimu, mimi si mwanafunzi."

"Na hao wapinzani si wanafunzi pia, watazame ndevu zao. Ingia."

Niliingia. Nilicheza misimu kadha kwa namna hiyo, mtu wa kuziba pengo, na siku moja goti la mtu likanigonga upande wa kichwa. Nikainuka nikijiona mzima. Mwalimu Odhiambo akanijia mbio, akanishika kidevu.

"Saba mara nane?"

"Mwalimu, hiyo hata kabla sijagongwa siijui."

Watu wakacheka, naye akacheka, lakini hakuniachia kidevu. "Basi nitajie njia ya kwenu. Kutoka hapa mpaka mlangoni kwako Langoni. Misikiti mmoja mmoja."

Nikaanza. Msikiti wa kisima. Msikiti wa ngazi. Baada ya hapo nikamwambia natokea Siyu, penye ngome, na kwamba mamangu amekaa barazani. Mamangu alikuwa amekufa zamani. Mwalimu Odhiambo akanikalisha chini, tukacheza pungufu, tukafungwa. Siku mbili sikuweza kutazama mwanga. Sikio la kushoto mpaka leo linavuma kama kombe. Lakini niko hai, na niko hai kwa sababu mtu mmoja alikubali kufungwa.

Tangu hapo ikawa ndiyo sheria ya timu yetu. Aliyegongwa kichwa huulizwa misikiti ya ndia ya kwao. Mtoto wa Amu hupita misikiti hiyo tangu hajajua kutembea, akiikosa ujue kichwa kimetikisika. Wale wa bara tuliwauliza vituo vya basi: Mpeketoni, Witu, Garsen, Malindi, mpaka kwao. Anayekwama anatoka. Hakuna mjadala, hata awe ndiye mfungaji, hata tuwe tumebakia wawili uwanjani. Nahodha ndiye anayeuliza, kocha ndiye anayetoa. Wageni walikuwa wakitucheka, kwamba timu ya Lamu ikiumia inasoma ramani.

Mwalimu Odhiambo alipohamishwa nilimbebea sanduku mpaka gatini. Hakuwa mtu wa hotuba. Akasema, "Viatu usivianike juani, ngozi itapasuka. Na lile swali lisife." Viatu nimevianika kivulini miaka yote. Osheni chumvi kwanza kwa maji ya kisima, sugueni mafuta ya nazi, jazeni magazeti ndani. Kiatu cha raga kwa matunzo haya kinazeeka na mtu.

Walikuja makocha, wakaenda. Mmoja alikuwa mlevi mzuri na mwingine mcha Mungu mbaya, na wote wawili waliuliza misikiti. Kisha akaja Mwalimu Kirui.

Sitamwonea. Alipofika alikuwa mchapakazi. Alikimbia na vijana mbele, si nyuma na filimbi. Alinionyesha cheti chake cha huduma ya kwanza, kimetiwa kwenye fremu, akakitundika ofisini juu ya meza. Lile swali la misikiti nilimweleza siku ya kwanza, akalipenda, akasema hata huko alikosomea hakuna lililo bora. Yaani alijua. Hili mlishike vizuri. Asije mtu akasema mgeni hakuambiwa.

Msimu ule mbaya ulianza na safari. Mechi za ugenini kwetu ni boti mpaka Mokowe, kisha basi, kisha kungoja magari ya askari yatusindikize kwenye sehemu za msitu. Tukifika uwanjani wenzetu wamekwisha kupasha moto misuli, na wengine wamekwisha kupoa. Vijana wetu wanashuka basini wamekunjana kama nguo za mtumba. Mechi ya kwanza tulifungwa. Ya pili tukafungwa zaidi. Ya tatu mpiga mikwaju wetu alipiga vizuri sana, mpira ukaanguka ndani ya lori la mchanga lililokuwa likipita, likaondoka nao. Nilimfuata dereva kwa miguu mpaka nikachoka. Huo ndio msimu wetu wote kwa picha moja.

Wachezaji wakaanza kupungua. Mmoja alisema mama hataki. Mwingine alisema mgongo. Wa tatu alikuwa mkweli, akaniambia, "Mzee Pampu, nachoka kuoga damu na kushindwa." Mwisho akiba hatukuwa nayo. Aliyeumia alikuwa anaacha pengo.

Hapo ndipo Bwana Mutiso, mkuu wa chuo, alipokuja uwanjani. Alikuja na viatu vyake vya ofisini, akasimama juu ya mstari wangu ambao haujakauka.

"Chuo hakiwezi kubeba timu ya kushindwa," akasema mbele ya vijana. "Mkimaliza msimu bila ushindi hata mmoja, hii raga tunaifunga. Uwanja tutaupatia kazi nyingine. Kirui, umenisikia?"

"Nimesikia, sir."

"Sitaki kusikia mechi imekatwa kwa sababu ya uhaba wa watu. Afadhali mfungwe kuliko kuaibishwa."

Akaondoka na chokaa yangu kwenye nyayo. Tangu siku ile Mwalimu Kirui akawa mtu mwingine. Alikuwa hapati usingizi, ungemwona machoni. Nilimhurumia. Sasa simhurumii tena, lakini wakati ule nilimhurumia.

Mechi zilivyokuwa zikiahirishwa kwa ajili ya usafiri, msimu ukasukumwa mpaka ukaingia Ramadhani. Nusu ya timu ni Waislamu. Nahodha wetu hakuwa mmoja wao. Ni Baraka, Mkristo, kijana wa Kitale, na ndiye aliyekwenda kuwasemea wenzake. Nilikuwa stoo napiga pampu, mlango wazi, nikawasikia.

"Mwalimu, tuombe mechi ya mwisho isogezwe mpaka baada ya Idi. Ama tucheze asubuhi mapema."

"Baraka, ratiba ni ya vyuo vyote vya Pwani. Raga haina dini."

"Lakini hao watu wana njaa na kiu, Mwalimu. Saa kumi jua bado linachoma."

"Kwani nani amewakataza kula?"

Basi. Mechi ikabaki saa kumi, nyumbani kwetu.

Sasa nimfikie Shebwana. Alikuwa mwanafunzi wa ufundi umeme, mtoto wa Bi Khadija wa Langoni, yule mpishi wa mikate ya mofa. Alicheza nyuma kabisa, mlinzi wa mwisho, na mikwaju alipiga yeye. Mwembamba, miguu mirefu, mdomo haulali. Msimu mzima wa kufungwa yeye alikuwa bado akifanya mzaha. Siku ya mechi alikuja stoo kuchukua viatu.

"Mzee Pampu, viatu hivi vina umri kunishinda."

"Na adabu pia vina kukushinda."

Akacheka, akakaa juu ya gunia. Akaniambia alitaka asifunge siku ile, kwa ajili ya mechi, ailipe baadaye. Mamake akamkatalia. "Amenipa fatwa jikoni," akasema. "Anambia, mwanangu, udhuru ni ugonjwa na safari. Mpira si udhuru. Ukifunga Mungu atakupa nguvu." Aliyasema bila ya kinyongo, akafunga kamba, akatoka. Mamake alisema neno ambalo mama yeyote wa Amu angelisema. Nalisema hapa kwa sababu neno lile sasa ndilo linalomla.

Mechi ilianza vizuri, na hilo ndilo lililotuponza. Tulipata trai mapema. Shebwana akapiga mkwaju ukapita katikati ya boriti. Kwa mara ya kwanza msimu ule tulikuwa mbele. Bwana Mutiso alikuwa amekaa chini ya mwavuli, nikamwona anasimama na kupiga makofi. Mwalimu Kirui alikuwa akitembea na mstari, anaongea peke yake.

Karibu na mapumziko mpinzani mmoja mkubwa alivunja ukuta wetu, akabaki yeye na Shebwana. Shebwana akamkaba. Alimkaba sawasawa, chini, kama tulivyomfunza, lakini goti likapanda likamkuta hapa, juu ya sikio. Ule mlio niliusikia nikiwa nje ya mstari. Mtu akiwahi kuusikia mara moja haupotei. Mimi niliusikia mara ya kwanza kutoka ndani.

Aliinuka. Akaenda kusimama upande usio wake, kwenye safu ya wapinzani, mpaka mmoja wao akamgeuza kwa mabega akamrudisha. Watu wakacheka. Filimbi ya mapumziko ikapigwa. Akaja akaketi, akatapika maji ya njano, maana tumboni hakuna kitu. Baraka akapiga goti mbele yake, kama ilivyo sheria.

"Shebwana. Misikiti ya njia ya kwenu."

"Msikiti wa kisima," Shebwana akasema.

"Endelea."

"Msikiti wa ngazi." Akatazama mikono yake. Akasema tena, polepole, "Msikiti wa kisima."

"Baada ya ngazi?"

"Kitwa chaniuma, Baraka."

Baraka akainua uso. "Mwalimu, huyu atoke."

Mwalimu Kirui alikuwa amesimama palepale. Alisikia kila neno. Akatazama benchi, na benchi lilikuwa na mimi, ndoo na chupa. Akamtazama Bwana Mutiso kule chini ya mwavuli.

"Tukimtoa tunabaki pungufu, na mikwaju atapiga nani?" akasema. "Huyu amefunga. Ni njaa. Kila mtu aliyefunga hutapika akikimbia."

"Mwalimu, ameshindwa na misikiti."

"Baraka, wewe ni nahodha ama ni daktari?"

Nikaingia mimi. Nilimwambia, "Mwalimu, hata mimi niliishia msikiti wa pili. Mkalishe." Nilikuwa nimeshika jezi ya Shebwana kwa nyuma. Mwalimu Kirui akaniondoa mkono kidole kidole, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto kitu mkononi.

"Mzee Pampu, wacha presha. Dakika chache tu tushinde, alafu alale mpaka Idi."

Bwana Mutiso akawa amefika. Akauliza kuna nini. Mwalimu Kirui akamwambia kijana ni saumu tu. Bwana Mutiso akampiga Shebwana begani, akasema, "Jikaze, simba." Refa, mgeni wa watu, akauliza, "Huyu yuko sawa?" Mwalimu Kirui akamjibu maneno mawili: "Amefunga tu."

Na hapa niseme na upande wetu. Walikuwako wazee ukingoni, watu wa dini, watu wenye akili, na lile neno liliwaingia kama ufunguo kwenye kufuli lake. Amefunga. Miongoni mwetu sote hakuna asiyemjua mtu aliyeanguka na saumu. Tumemwona mchukuzi gatini, tumemwona mwanamke jikoni. Dawa yake inajulikana, kivuli na subira mpaka adhana. Mmoja akamwita kwa mapenzi, "Subiri, baba, magharibi i karibu!" Huko kwingine kijana akitapika na kuyumba watu huuliza amegongwa na nini. Sisi tulikuwa na jibu kabla ya swali.

Kipindi cha pili Shebwana alisimama nyuma huko kama boriti. Mpira wa kwanza ulipigwa juu, akautazama, ukamwangukia kifuani, wakamvamia, akaanguka na kichwa kikapiga mchanga. Akainuka tena. Sijui kwa nguvu gani. Mpira wa mwisho ulipita pembeni yake akiutazama vilevile mtu anavyotazama punda wa jirani, na jamaa mmoja akaenda akaulalia mpira ng'ambo ya mstari bila kuharakisha. Tukafungwa. Yote yale, na tukafungwa vilevile.

Akakaa chini nyuma ya lango la kusini, akalala, tukamngojea adhana, na yaliyobaki nimeshayasema.

Tulimbeba juu ya godoro lile, watu sita, kwa ndia za mjini, watu wakiwa vikaoni wanafuturu, milango wazi, harufu ya sambusa kila pembe. Wenye nyumba wakitoka na glasi za juisi, "Mpeni, mpeni, maskini, saumu." Hospitalini daktari kijana alimmulika macho, akamgusa kichwa, akatutoa nje mimi na Mwalimu Kirui. Alituambia sote wawili, tumesimama bega kwa bega ukutani: "Huyu amevuja damu ndani ya kichwa. Amegongwa saa ngapi? Mbona amechelewa hivi?" Mwalimu Kirui akatazama chini. Nikajibu mimi, kwamba aligongwa kabla ya mapumziko. Daktari akatikisa kichwa, akarudi ndani. Haikuchukua muda akatoka tena, akatupa pole ya msiba.

Bi Khadija alifika na unga wa mofa bado viganjani. Daktari alikuwa amekwisha kuitwa wodi nyingine. Aliyemkabili ni Mwalimu Kirui. Akamshika mikono miwili, akasema, kwa sauti laini, "Pole, Mama. Saumu ilimshinda."

Nilipiga kelele kwamba si kweli. Wanawake walikuwa wamekwisha kuanza kulia. Kelele yangu ilipotea ndani ya kelele zao.

Tulimzika asubuhi. Kwenye hitima Bwana Mutiso alikuja na kofia ya kiua ya kuazima, akaruhusiwa kusema. "Tumepoteza kijana mcha Mungu. Alizidiwa na saumu na jua, lakini alisimama mpaka mwisho." Mzee mmoja akainua viganja: "Amekufa na saumu yake. Mauti gani bora kuliko haya?" Watu wakaitikia amina. Baraka alikuwa amekaa karibu nami, machozi na kamasi, ananong'ona, "Waambie, Mzee. Waambie." Nilisimama, nikasema aligongwa, nikasema aliulizwa misikiti akashindwa, nikasema aliyemrudisha ni huyu hapa. Wakanikalisha kwa upole. "Bwana Omari, hapa ni msibani. Muogope Mungu." Chuo kilitupa uongo mtamu, wa heshima, nasi tuliupokea kwa mikono miwili, kwa kuwa ule mwingine ulikuwa ukweli mchungu wa mechi ya kijinga.

Raga ilifungwa. Mwalimu Kirui alihamia chuo cha bara, na nasikia huko ana timu tena. Bwana Mutiso yupo palepale. Mimi nilipumzishwa kazi muhula uliofuata, kwa maneno mazuri na saa ya ukutani. Saa yenyewe inakwenda mbele, naachia hivyohivyo, nina haraka ya nini. Baraka alimaliza masomo, akarudi kwao. Kabla ya kupanda boti alisema atakuja kushuhudia siku yoyote atakayoitwa. Hajaitwa.

Aliyebaki na mzigo ni Bi Khadija. Tanuri la mofa limepoa tangu siku ile. Nikenda kumjulia hali, kabla sijaketi ananiuliza swali moja lilelile.

"Bwana Omari, ningemwacha ale, angekuwa hai?"

"Bi Khadija, aligongwa. Nilimwona kwa mato yangu."

"Wewe wampenda, wasema la kunipoza."

"Wallahi aligongwa. Daktari alisema mbele yangu na mbele ya Kirui."

"Mwalimu wake ndiye aliyenambia, kwa kinywa chake, kanishika mikono." Halafu ananitazama kama ndiye anayenihurumia. "Mwalimu adanganye ili iwe nini?"

Mimi ni mtu wa pampu. Neno langu ni la mtu wa viatu, na neno la Kirui ni la mwalimu mwenye cheti kwenye fremu. Ramadhani hii iliyopita binti yake mdogo alitaka kufunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza. Bi Khadija akamfungia jikoni mchana, akamlisha kwa mkono, mtoto analia kwa kuona haya, mama analia kwa hofu. Mwanamke aliyekuwa akiamsha mtaa mzima kula daku. Saumu imekuwa kwake ni kitu kinachoua watoto, na aliyemtilia hilo moyoni si Mungu.

Nilipiga simu chuoni, nikaambiwa jambo lilikwisha. Nilimpigia Mwalimu Kirui. Alipoijua sauti alikata.

Kwa hiyo nyinyi wa stoo, viatu kivulini, chokaa na mchanga, na mtu akikwama kwenye misikiti mtoeni hata kama kocha atawaondoa vidole kimoja kimoja. Hayo ni yenu. Yaliyobaki si yenu.

Bwana Mutiso, wewe ulisema mbele ya hitima, simama mbele ya watu walewale useme tena, sahihi. Na wewe Mwalimu Kirui, njoo Amu. Sikutaki mahakamani, ingawa wanaokutaka huko sitawazuia. Nakutaka kwa Bi Khadija, uketi mkekani, umtazame, umwambie: aligongwa, nilimwona, nilijua, nikamrudisha. Hakuna mwengine ambaye atamsadiki. Ndia unaijua. Ukitoka uwanjani, msikiti wa kisima. Msikiti wa ngazi. Kisha msikiti wenye birika la samaki, kisha ule mdogo usio na mnara, na mlango wa tatu mkono wa kushoto ndipo nyumbani kwa Shebwana. Yeye alikwama kwenye wa pili. Wewe kichwa chako ni kizima. Fika.